Mikono Iliyokaza Nati

Lori lilipowashwa kwa mara ya kwanza, halikunguruma. Liliita majina.

"Gwamaka Mwasandube," lilisema kwa sauti ya upole lakini iliyosikika mtaa mzima, huku taa ya samawati ikitembea kwenye chesisi kutoka nati moja hadi nyingine. "Sekela Mwaipopo. Lugano Mwakatobe. Wenye mikono, wekeni viganja mlangoni ili tuondoke."

Atupele alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, amevaa sweta kuukuu la mumewe, kidole kikiwa bado juu ya kitufe cha kuwashia. Aliangaza macho gerejini. Hapakuwa na mtu ila kuku mmoja aliyekuwa akichakura karibu na jeki. Lori likaendelea kuita. Lilimwita katekista. Lilimwita muuza chapati wa njia panda, kisha binamu mmoja aliyetoka Kyela kwa ajili ya mazishi tu na kurudi zake. Mwisho likasema, "Ambilikile Mwakyusa," likanyamaza kama mtu anayesubiri kuitikiwa.

Atupele akaondoa kidole. Ambilikile ndiye mumewe, na walimzika masika yalipoanza.

Miaka hiyo jiji la Mbeya lilikuwa limezoea malori-jiendeshe. Yalipita barabara kuu mchana na usiku bila mtu ndani, hayasinzii, hayalewi, hayapigiani honi. Atupele hakuyachukia. Alikumbuka miteremko iliyokuwa ikiua madereva zamani, na kila alipoyaona yakishuka salama alisema kimoyomoyo kwamba aliyeyabuni alifanya jambo jema. Ila mashine hizo zilisoma njia kwa alama zilizozikwa chini ya lami. Mvua iliposomba alama za barabara ya Ilindi, mlima wa wafugaji, malori yaliiona barabara hiyo kama ukurasa mtupu, yakaacha kupanda. Tangu hapo watu wa Ilindi walikuwa wakikamua ng'ombe na kumwaga maziwa mtaroni.

Ambilikile alikuwa dereva kabla ya mashine hizo, na Atupele alikuwa utingo wake tangu walipooana. Uzeeni, ili wakayabebe maziwa hayo, waliagiza lori la kujiundia, la kuendeshwa na mtu, kutoka kiwanda kimoja cha Dodoma. Lilifika likiwa vipande ndani ya masanduku, pamoja na spana yenye akili. Ambilikile alianza kazi kwa namna yake. Badala ya kufunga kwanza usukani, alifunga kiti cha utingo.

"Gari bila utingo ni debe tu," alimwambia mkewe. "Kaa hapo, mama, nikuone."

Alikaza nati za kiti kile kama alivyokaza kila nati maishani mwake. Alikaza, akarudisha nyuma kidogo, akakaza tena, kisha akagonga mara mbili kwa spana. Siku chache baadaye kifua kilimbana, akalala, hakuamka.

Msibani mvua haikukatika. Wanawake walijaa ndani, na wanaume waliokuwa wakiota moto uani walifukuzwa na baridi hadi gerejini. Sasa mwanamume wa Mbeya ukimkalisha siku kadhaa kati ya masanduku ya vyuma, mikono yake haitatulia. Mmoja akaokota spana kuitazama, nayo ikawaka na kusema, "Karibu. Jina lako nani?" Angeachaje kuitikia salamu nyumba ya msiba? Alijitaja, jina lake na la baba yake. Wenzake nao wakataka kusalimiwa. Sekela, mke wa jirani, alipopeleka chai naye akashika spana, akajitaja, akakaza mbili tatu. Hadi matanga yanaondolewa, lori lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake, na Atupele alipofunguliwa mlango na kuonyeshwa alikaa chini kwenye saruji akalia kwa namna tofauti na alivyokuwa amelia wiki ile yote.

Hakuna aliyejua kwamba ile haikuwa salamu. Hizo zilikuwa nati-kumbuka. Zilibuniwa kuwakomesha wezi. Kila nati ilihifadhi mkono ulioikaza, na ubongo wa lori ulimtambua mwenye mkono huo kuwa ndiye mwenye gari. Kiwanda kilitarajia mtu mmoja, au mtu na mkewe.

Gwamaka, rafiki wa marehemu, alifika mbio akiwa na kandambili moja tu mguuni.

"Shemeji, nimesikia naitwa hadi kwangu! Nimefanya nini?"

"Umenunua lori, shemeji, wewe na wote mlioshika spana. Hongera."

"Mimi?" Akacheka, kisha akaona uso wa Atupele. "Wewe, Sekela! Njoo uone. Tumemharibia mama wa watu."

Sekela alikuja akifuta mikono kwenye khanga. Yeye alizaliwa Ilindi, na kaka zake walikuwa wanangoja lori lile kuliko mvua. "Wewe Gwamaka ndiye uliyesema tuishike wote, tusionekane hatuna adabu mbele ya spana," alisema.

"Basi na wewe ungekataa!"

"Msigombane," Atupele alisema. "Mlinifanyia wema. Twende tumuulize mwenye kujua."

Kwenye kioo cha mawasiliano ukutani alitokea Mhandisi Chausiku wa kiwandani, binti mwenye miwani na sauti isiyo na haraka.

"Shikamoo, bibi. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Asante."

Chausiku alitazama orodha ya majina, akaziba mdomo asicheke, kisha akacheka tu. Aliuliza walivyojikuta wengi hivyo. Gwamaka alipomweleza habari ya spana iliyosalimia, aliacha kucheka. "Sisi tuliitengeneza iwe na heshima," alisema. "Hatukufikiri kuna mahali watu wote wangeiitikia." Aliwaeleza kwamba njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kufuta mikono yote, nati zilegee, lori lirudi kuwa vipande.

"Aa!" Gwamaka aliguna.

"Ya pili, niliandike kuwa lori la wengi. Mkono wowote kati ya hii utaweza kuliwasha. Lakini kila mwenye mkono akubali kwa kiganja chake." Akamtazama Atupele. "Kila mmoja, bibi. Asiyeweza kukubali, mkono wake lazima ufutwe. Na ukifutwa haurudi."

Sekela alishika bega la Atupele.

Mchana ule walikuja wote. Katekista alivua kofia kabla ya kuweka kiganja. Muuza chapati alikuja na unga mkononi, mlango ukamtaka anawe kwanza. Binamu wa Kyela aliweka kiganja kwenye kioo cha posta ya kwao, huku akiomba radhi kwa sauti kubwa mpaka wakamwambia inatosha. Ikabaki taa moja nyekundu chini ya kiti cha utingo, ya mkono wa Ambilikile.

Atupele aliomba aachwe peke yake gerejini. Alikaa kwenye kiti hicho. Akawaza kwamba angeweza kulihifadhi lori vile vile, lisiende popote, na kila asubuhi alisikie likimwita Ambilikile kwa sauti ile ya upole. Lingemwita miaka na miaka. Lisingechoka. Na huko juu Ilindi maziwa yangeendelea kumwagwa, ilhali mumewe alilinunua lori kwa sababu ya maziwa hayo.

"Nisamehe, baba," alisema polepole. Akaita kioo. "Mwanangu Chausiku. Ufute."

Chini ya kiti nati zililegea zenyewe, moja baada ya nyingine, kwa mlio mdogo kama mtu anayepumua. Taa nyekundu ikazimika. Atupele alipiga magoti, akaokota spana.

"Karibu," ikasema. "Jina lako nani?"

Akaanza kazi. Akakaza, akarudisha nyuma kidogo, akakaza tena, akagonga mara mbili. Akahamia nati ya pili. Hakuwa akifikiri. Mlangoni Gwamaka, ambaye hakuwa amekwenda mbali, alisikia kugonga kule, akasimama wima.

"Jamani," alinong'ona. "Huo si mkono wa Ambi?"

Spana iliupima mkono ule. "Mkono huu unafanana na uliofutwa," ilisema. "Niandike jina gani?"

Atupele alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Andika Atupele," alisema. "Huo mwingine ninao mimi."

Kesho yake asubuhi aliweka kiganja mlangoni, na lori likanguruma. Watu wote wa mtaa walikuwa wamesimama barabarani. Gwamaka alipakia madumu matupu nyuma huku akiwaambia wote waliotaka kusikia kwamba wakae mbali na lori lake. Sekela alipanda kiti cha utingo, bahasha ya vitumbua kwa ajili ya mama yake ikiwa mapajani.

Walipanda Ilindi taratibu. Kwenye kona ambako mvua iliila barabara, Atupele alisimamisha lori. Sekela aliruka chini bila kuambiwa, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akatembea mbele kuikagua njia kwa miguu, mahali ambapo mashine zote zilikuwa zimeona ukurasa mtupu. Juu ya kilima watu walishaonekana, na madumu yao vichwani. Sekela alirudi, akaondoa jiwe, akagonga bodi ya lori mara mbili kama utingo wote wagongavyo kusema twende.

Atupele alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Asante," alisema, akakanyaga mafuta.

Lori, lisilojua ni nani aliyekuwa akishukuriwa, liliitikia hata hivyo. "Karibu."