Aliyeitikiwa Jumbani

Jumamosi moja ya mwaka 1995, Havyarimana alirudi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kutoka soko la Mchesi, Lilongwe, akiwa na kaseti ya roki isiyo na jalada. Aliongoza kwaya ya Warundi, na aliona wimbo mmoja humo ni mzuri mno kuachiwa walevi. Akampelekea Nibigira, aliyesomea Kiingereza chuo kikuu, amfasirie maneno yake.

Nibigira alisikiliza kwa utaratibu. Mtu yuko nyuma ya mlango, anaomba afunguliwe, kisha gitaa linanyamaza. Alieleza kwamba mtu huyo aweza kuwa Yesu, au mpenzi aliyefukuzwa, au mfungwa. Maana hiyo ya mwisho ilimkaa vibaya, kwani kambi yenyewe ilikuwa gereza zamani, na kwaya ilifanyia mazoezi katika bweni la wafungwa.

"Njo Yesu, mwalimu," Havyarimana akakata shauri kwamba ndiye.

Ulibaki mstari mmoja: *atakayeniitikia atakaa nilipo*. Nibigira aliuhesabu kuwa pambo la mtunzi, akauacha.

Katika kwaya ile, mwito haukuachwa bila kiitikio. Pale gitaa liliponyamaza, Havyarimana alitia jibu, akamkabidhi bintiye Irakiza, mtoto pekee aliyevuka naye mpaka.

Walifanya mazoezi alasiri, jua likiwaka. Wanaume wakaomba: *Nifungulie.* Irakiza akajibu peke yake: *Nimekufungulia, toka.*

"We unaitikia mchumba ao Bwana Yesu?" Fidès, mwanakwaya mwenzake, akamtania. Wakacheka. Wakarudia.

Mara ya tatu, wanaume walikuwa bado wamefumba vinywa.

*Nifungulie.*

Sauti ilitoka ukutani. Nibigira, kwenye benchi la nyuma, aliukumbuka ule mstari alioupuuza, akataka kumwambia asijibu. Irakiza alikuwa mtoto wa kwaya. Akaitikia.

Kitu kikapita kati ya mabenchi. Polepole, kama mtu aliyesahau kutembea. Kikatoka.

"Mwanangu, twende inje," Havyarimana akanong'ona.

Irakiza alifika kizingitini, akasimama. Akaunganisha mikono mbele yake. Akainamisha kichwa.

"Papa," alisema taratibu, "sijaruhusiwa."

Walimbeba hadi juani. Fidès akamshika mikono, akaiachia ghafla. Viganja vilikuwa vile vile, laini, vya msichana wa miaka kumi na sita. Lakini vifundo vyote viwili vya mikono, chini ya mikono ya blauzi, vilizungukwa na makovu ya pingu.

Nibigira aliinama kuyatazama. Hayakuwa mabichi. Yalikuwa yamepona miaka mingi iliyopita.