Kaunta Iliyobisha Hodi

Nimejiaibisha mara nyingi katika miaka yangu hamsini na miwili, tena mara nyingine ugenini, mahali ambapo hata jamaa wa kunisitiri sikuwa naye. Niliwahi kumpa bwana harusi pole nikidhani niko msibani. Lakini kuikaribisha kaunta ya jikoni, hilo nililifanya nyumbani kwa dada yangu, saa tisa alasiri, nikiwa na akili zangu zote.

Nilikuwa peke yangu jikoni, chai mbele yangu, mkate mdomoni. Nikasikia ngo, ngo, ngo. Nikameza haraka, nikafunga vifungo vya shati ambavyo tumbo langu limeshavikatisha tamaa, nikaita kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Karibu, pita ndani. Jisikie uko kwako."

Dada alikuwa amesimama mlangoni, beseni la nguo kiunoni, ananitazama.

"Unamkaribisha nani?"

"Mgeni. Kabisha sasa hivi."

"Mlango ndio huu, na aliyeuziba ni mimi."

Tukacheka. Mimi nilikuwa wa kwanza kuacha, maana chai ilikuwa bado inatikisika kikombeni, viduara vidogo vikitoka katikati kwenda pembeni, na kikombe kilikuwa juu ya kaunta.

Kaunta hiyo tuliitengeneza wenyewe, mimi na shemeji. Shemeji ni karani, lakini kazi yoyote aliyoitazama kwenye simu kwa dakika kumi anaamini ameisomea. Akanieleza kwamba zege la kaunta humwagwa kifudifudi: unapiga fremu ya mbao, chini unatandika ubao mpana, unamwaga, na likishakauka unaligeuza. Upande uliolalia ubao ndio unakuwa uso wa kaunta, na chochote kilichokuwa kwenye ubao kinabaki kwenye zege.

Ubao niliuleta mimi. Ulikuwa mlango mzee, nimeutoa kwa muuza mbao za nyumba zilizobomolewa. Upande mmoja ulikuwa laini. Upande wa pili ulijaa mikwaruzo, mistari mitano mitano, imesongamana karibu na kitasa. Nikaipenda, nikasema itatupa urembo. Muuzaji akaniambia, "Huo tuliukuta umepigiliwa misumari kwa nje." Nikamjibu kwamba basi ni imara. Sikujiuliza mikwaruzo ilikuwa upande gani.

Tukaulaza mlango juu ya matofali, mikwaruzo juu. Tukaupaka oili chafu ili zege lisishikane na ubao, tukapanga wavu wa chuma, tukamwaga. Kisha shemeji akasema lazima tugonge, mapovu ya hewa yatoke. Nikatambaa chini ya mlango na nyundo ya mpira, nikagonga. Mara tatu, nikapumzika. Mara tatu, nikapumzika. Nilikuwa nagonga mlango kutokea nje, kama mtu aliyekuja kuulizia wenyewe.

Tulipoligeuza, mikwaruzo ilikuwa imeinuka juu ya zege kama mishipa ya mkono. Dada alisema itashika makombo. Hilo ndilo lilikuwa lalamiko lake pekee.

Baada ya ile "karibu" yangu, kaunta ilianza kutoa jasho. Unaifuta, unageuka, imelowa tena. Harufu yake haikuwa ya saruji, ilikuwa ya chumba kilichofungwa na mtu ndani. Na Chiriku, mpwa wangu wa kike wa miaka sita, mtoto anayeongea hata akipiga mswaki, akaanza kunyamaza. Kwanza mezani. Kisha shuleni. Ndani ya wiki alikuwa anajibu kwa kichwa tu, na yeye na mama yake wakaacha kula.

Nilimkuta siku moja amepanda kigoda, sikio kalilaza kwenye zege, ananong'ona.

"Unaongea na nani, mama?"

"Mgeni wako, mjomba."

Nikakaa chini karibu naye. "Anasemaje?"

"Anauliza tuko wangapi."

"Ukamwambiaje?"

"Wanne, nikakuhesabu na wewe." Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama inatoka chumba cha pili. "Kasema hajaongea miaka mingi. Kaniomba nimwazime sauti."

Yakawa maneno ya mwisho kabla sauti haijamtoka kabisa.

Jioni ile shemeji alikuja na nyundo kubwa, akaiinua na kuipiga kaunta katikati, na zege ambalo tulilimwaga wenyewe kwa ndoo za plastiki halikutoa hata punje, ila kutoka chini yake kikajibu kishindo kilekile, na alipopiga tena kikajibu tena, na mimi nikainama nitazame chini ambako palikuwa na rafu ya sufuria tu, nikaona vifuniko vinacheza kimoja baada ya kingine kutoka ukutani kuja upande wangu, kama mtu anavipapasa gizani akitafuta njia, na nilipoinuka niliona ile mistari mitano mitano, ambayo siku zote ilikuwa karibu na alama ya kitasa, sasa imefika ukingoni, na kutoka ukingoni ikasikika sauti ya Chiriku, ya kwake kabisa na ile namna yake ya kuitetemesha herufi r, ikisema taratibu, "Nimekaribia," ilhali Chiriku mwenyewe amesimama pembeni, mdomo umefumbwa, machozi yanamtoka.

"Acha kupiga, baba watoto," dada alinong'ona. "Utamuumiza mwanangu."

Jirani alituelekeza kwa mama mmoja mshonaji. Sare za shule za nusu ya mtaa hushona yeye, na mambo haya huyafanya akimaliza oda. Alikuja na futi yake shingoni, akainusa kaunta, akaipima.

"Urefu wa mtu," alisema. "Nani aligonga?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Nani alimwambia karibu?"

Mkono ulikuwa bado juu.

"Basi mnahangaika bure na nyundo. Huyu hakuvunja mlango, mmembishia hodi na mmemkaribisha. Asindikizwe."

"Mpaka wapi, mama?"

"Mpaka kwa mwenyeji wake. Ulikaribisha kwa mdomo wa nani?"

Nilimtazama Chiriku. Ametokeza mbavu, na kile kidomo chake, kilichowahi kunichosha njia nzima ya kwenda na kurudi, kilikuwa kimekaa kama mfuko uliofungwa zipu. Nikaweka kiganja juu ya zege. Lilikuwa la uvuguvugu.

"Haya, mgeni," nikasema, na kwa mara ya kwanza maishani sikupata mzaha. "Vya watu waachie wenyewe. Twende kwangu."

Nikatoka bila kugeuka, kama mshonaji alivyoniagiza. Ubaridi ulinishika mgongoni, mwembamba, wenye vidole. Nilikuwa nimefika kwenye geti niliposikia nyuma yangu, "Mama, nina njaa, na mbona mjomba kaondoka na viatu vya baba, na mbona..." Hakunyamaza tena. Nasikia hata leo wanamwomba apumzike.

Kwangu ni chumba kimoja, na sina kaunta. Ila kabati la nguo limeanza kutoa jasho, na kila alasiri, saa tisa, kuna anayebisha hodi kutoka ndani yake, mara tatu, anapumzika. Majuzi alinisimulia mzaha wangu mwenyewe, ule wa bwana harusi, kwa sauti yangu, na aliusimulia vizuri kuliko mimi. Tangu hapo nakohoa nikitaka kusema, na maneno yanachelewa.

Nikamfuata yule mshonaji. Nikamkuta kwenye cherehani, sindano mdomoni.

"Mama," nilijikaza nikasema, "atakaa mpaka lini?"

Hakuinua kichwa.

"Kwani wewe ulimwambia aje kwa siku ngapi?"