Mkwe Habebwi Mgongoni

—Maganga, mwambie huyo mtu wa mbele atoe mguu wake juu ya sanduku langu!

Nahodha Maganga akakuna kichwa. Mtumbwi wa mashine ndiyo kwanza umetoka Lamadi, abiria ni watatu tu, na huyo mtu wa mbele ni Ngeleja, mume halali wa huyo aliyekuwa anafoka.

—Ngeleja, mkeo anasema...

—Nimesikia. Mwambie nimeshautoa.

Tangu baba yake azikwe mwezi wa tisa, Kwandu hajamsemesha mumewe. Habari ya msiba ilimkuta Ngeleja kwenye mizani ya pamba kule Bariadi. Ndiyo ile miaka kampuni binafsi zilikuwa zinanyang'anyana wakulima mchana kweupe. Akasema anamaliza foleni, atakwenda. Foleni ikamaliza wiki. Baba mkwe akazikwa bila mkwe! Kwa Wasukuma hilo halina sabuni ya kulisafisha.

Mama yake Kwandu, Generoza, akafunga safari hadi Bariadi kumchukua binti yake jumla. Wakiwa wanajiandaa kuondoka, mvua za El Nino zikabeba daraja, ndipo wakaamua kupita ziwani. Ngeleja akajipachika kwenye safari bila kualikwa.

Mama mkwe alikaa nyuma, khanga imefunika uso. Ngeleja mbele, kawapa mgongo. Mkwe na mama mkwe hawatazamani, seuze kugusana.

Ziwa lilikuwa tamu, jamani. Maganga akagawa sato wa kukaanga, rasharasha za mawimbi zikamrukia Kwandu usoni, akajikuta anacheka peke yake. Kugeuka, Ngeleja anamchungulia. Hasira ikapanda upya.

—Maganga, mwambie asinitazame! Wa kumtazama mara ya mwisho alikuwa baba yangu.

—Mwambie nilikosea.

—Mwambie kukosea ni kuvunja chungu. Yeye alichagua!

Maganga hakupata nafasi ya kupeleka hilo. Mashine ilikohoa, ikazima. Mawimbi yakawasukuma kwenye matete karibu kabisa na kijiji cha akina Kwandu, mtumbwi ukagonga jiwe, maji yakaanza kuingia.

—Shukeni! Maganga akaita. Maji ni ya kiunoni! Mimi naushikilia!

Kwandu akashuka, akampa mama yake mgongo. Generoza alikuwa na goti bovu na mwili wa kushiba. Hatua mbili tu, tope likamvuta Kwandu, wote wawili puu! Akamwinua mama yake akilia kwa hasira.

Ngeleja akaja, kainamisha kichwa. Akageuka, akachuchumaa majini.

—Kwandu, mwambie mama apande.

—Mkwe anibebe? Generoza akapiga kelele. Mayu wee, mama yangu! Bora mamba anile!

—Mwambie mama sikulibeba jeneza la baba, Ngeleja akasema. Na yeye asininyime.

Generoza akavuta khanga usoni, akaanza kulia kilio cha msiba kilekile cha mwezi wa tisa, kisha akamshika mkwewe mabegani.

Ngeleja akainuka, akayumba.

—We Ngeleja! Kwandu akafoka. Kanyaga taratibu, usiniangushie mama!

Walipofika nchi kavu, Generoza akakaa kwenye nyasi, kawapa mgongo.

—Kwandu, mwambie huyo amevunja mwiko. Nataka mbuzi.

—Mayu, si ulisema ndoa imekwisha?

—Mtu baki simtozi faini. Namtoza mkwe wangu.

Kwandu akakamua khanga yake kwa nguvu kama anamnyonga mtu. Alikuwa bado na hasira, tena nyingi. Akamgeukia mumewe, macho kwa macho.

—Umesikia? Na leo, kabla hujaonja hata maji, unakwenda kaburini. Kamwambie baba kwa mdomo wako. Mimi sikusemei.

—Nimesikia, mke wangu.

—Hilo la mke wangu tutaliona ukitoka huko. Beba sanduku, twende!