Msumari wa Kumi na Saba

Jirani zangu, wekeni chini mlichoshika mnisikilize. Kisa hiki ni cha nyumba moja tu, lakini msiwahi kucheka, maana huenda mkajikuta mmo humo.

Jumapili moja asubuhi, Fundi Kitasa alikuwa sebuleni akizipaka kufuli mafuta. Mkewe alikuwa anapiga pasi sare ya kazini. Mama mzazi wa fundi, mjane wa miaka sabini na minne, alikaa dirishani, vidole vyake vikigonga meza taratibu. Alikuwa karani mpiga chapa kwa miaka thelathini na minane. Macho yalikuwa yamefifia, lakini vidole vilikataa kustaafu.

"Mama, leo unaandika nini?" fundi alimtania.

"Barua ya kukufukuza kazi," mama akajibu, na wote watatu wakacheka.

Ndivyo walivyoishi, kwa utani na amani. Kila siku ya kazi mama alishika fimbo yake akaenda kituo cha jamii, nyumba chache kutoka hapo. Vijana walimsomea magazeti na maandishi madogo ya kwenye dawa. Yeye aliwafundisha kupiga chapa kwa vidole kumi bila kutazama, kwenye kompyuta kuukuu za kituo. Ukutani palikuwa na misumari yenye namba, kila mmoja na kikombe cha mwenyewe. Ukifika unatungua kikombe chako, unakunywa chai. Ikigonga saa nne asubuhi, kikombe kilichobaki kinasema mwenyewe hajafika, na hapo watu wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, wanatoka kwenda kumjulia hali. Msumari wa mama ulikuwa wa kumi na saba.

Amani hiyo aliivuruga mteja mmoja aliyekuja kuchongesha ufunguo.

"Fundi, nimemwona mama yako kituoni anapangusa viti," alisema huku akicheka. "Kwani umeshindwa kumlisha?"

Fundi alicheka naye, lakini neno lilimwingia kama mwiba. Jioni hakungoja hata kuvua viatu.

"Mama, kituoni mwisho leo. Wanakutumikisha bure."

"Nani kakwambia natumikishwa? Yule binti msusi amebakiza mstari wa chini tu wa herufi, halafu nimwache njiani?"

"Umezeeka, mama. Utaanguka barabarani, watu wanicheke."

"Wakucheke wewe?" mama akauliza. "Mimi nilidhani atakayeumia ni mimi."

Fundi akaongeza sauti. Akasema neno lake ndilo la mwisho. Asubuhi yake alikwenda kituoni, akakitungua kikombe cha mama, cha buluu chenye ufa mpinini, akakitia mfukoni bila kuaga mtu. Kisha akaweka geti la nondo mbele ya mlango wa nyumba, akalitia kitasa bora kuliko vyote alivyowahi kufunga. Kila walipokwenda kazini alikifunga kwa nje. Ufunguo ulikuwa mmoja, akatembea nao yeye.

"Na moto ukizuka?" mkewe aliuliza.

"Utazukaje?"

Tusimwonee, jirani zangu. Mtu huyu alimpenda mama yake. Alimwachia chai kwenye chupa, mkate, redio na shuka safi. Asichomwachia ni mtu. Tena alikosea kosa jingine asilolijua: pale kituoni, msumari mtupu maana yake mwenyewe amefika. Kwa kukichukua kile kikombe, alikuwa amewaambia watu wote kila asubuhi kwamba mama yupo salama, anakunywa chai.

Wiki ya kwanza mama alinuna. Wiki ya pili akaacha kulalamika, hata akawa anaimba. Fundi akajipongeza. "Unaona?" alimwambia mkewe. "Mzee alihitaji kupumzika tu."

Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa, fundi alikuwa ghorofa ya nne ya jengo jipya akitoboa milango. Simu ilikuwa ndani ya sanduku la vifaa, na mashine ya kutobolea ilinguruma asubuhi nzima. Alipoitoa simu saa sita na nusu alikuta amepigiwa mara kumi na nne, yote kutoka namba asiyoijua. Akapiga.

"Kaka, mimi ni msusi, wa kituoni," sauti ya msichana ilisema. "Mama ameanguka. Yu hai. Tuko naye hospitali, njoo."

Hata ngazi hakumbuki aliteremkaje.

Kwenye korido ya hospitali alikuta mabenchi mawili yamejaa watu. Mabibi wenye fimbo, wanafunzi wenye sare, dereva wa lori aliyelilalia bega la mwanafunzi. Mzee mmoja, seremala mstaafu, alikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi. Wote waliinuka fundi alipofika, na hakuna aliyemkaripia. Angekaripiwa angepata nafuu.

Seremala alimnyooshea kiganja. Juu yake palikuwa na pini tatu za bawaba.

"Shika, hizi ni zako," alisema. "Kitasa chako ni kizuri, kijana. Kilitushinda kabisa. Lakini wewe ulitazama kitasa ukasahau bawaba."

"Nani aliwatuma?" fundi aliuliza.

"Kikombe."

"Kikombe nilikichukua!"

"Nilitundika changu," msusi alisema. "Siku ileile. Nilijua msumari ukikaa mtupu tutajidanganya kwamba yupo. Basi kila saa nne kikombe kipo, na kila saa nne wawili wanakwenda. Tulikuwa tunakaa nje ya dirisha. Mimi nilikuwa na kibao nilichokichorea herufi kwa chaki, ye ananifundisha kupitia nondo. Leo ilikuwa siku ya kumi na tano."

Ndipo fundi alipoelewa ule wimbo wa wiki ya pili ulitoka wapi.

Wakamsimulia yaliyobaki, kila mmoja kipande chake. Mama alibandika sufuria jikoni, akateleza, nyonga ikavunjika. Sufuria ikakauka, na kitambaa kilichokuwa kando yake kikashika moto. Msusi na seremala walipofika dirishani walikuta moshi na sauti ndogo inayokohoa. Seremala akazing'oa pini za bawaba, geti likatoka zima na kitasa chake. Wanafunzi wakabeba ndoo za maji. Bibi mmoja aliyekuwa muuguzi zamani aliwaonyesha namna ya kumwinua bila kumzidishia maumivu. Dereva akaja na lori.

Fundi alikaa chini sakafuni. Aliona aibu kubwa, lakini juu ya aibu hiyo aliona ajabu. Aliwatazama watu wale mmoja mmoja, hakujua jina la hata mmoja, nao walimjua mama yake kuliko yeye. Watu hao walikuwa mtaani kwake siku zote! Akaingia wodini, akaushika mkono wa mama, akalia bila kujificha.

"Nyamaza," mama alimwambia. "Hujaniua. Ila ile barua ya kukufukuza sasa naipiga."

Baada ya miezi miwili, fundi alimsukuma mama kwa kiti cha magurudumu mpaka kituoni. Msusi akaifunika kibodi kwa kitambaa, na mwanafunzi mmoja akaanza kusoma gazeti kwa sauti. Mama akaingiza mikono chini ya kitambaa. Maneno yakajaa kwenye kioo cha kompyuta, mstari kwa mstari, bila kosa hata moja, macho yake yakiwa yametazama ukuta. Fundi alisimama mdomo wazi. Vidole hivyo vilimlisha, vikamvisha, vikamsomesha, na hakuwahi hata siku moja kuviona vikifanya kazi.

"Naomba msumari," alimwambia seremala.

"Nyundo si unayo mwenyewe?"

Akapigilia wa ishirini na tisa. Kila Alhamisi asubuhi akawa anafundisha vijana kutengeneza vitasa, na kitu cha kwanza alichowaonyesha ni mlango ambao aliye ndani anaweza kuufungua mwenyewe.

Alhamisi moja kazi zilimzonga, akasahau kwenda. Saa nne na robo mlango wa karakana yake ukabishwa. Walikuwa seremala na msusi.

"Kuna nini?" fundi alishtuka.

"Hakuna kitu," msusi alisema. "Kikombe chako kiko ukutani."

Fundi alibaki na tupa mkononi. Maisha yake yote aliitwa wakati kitasa kimeharibika. Leo watu walikuwa wamekuja kwa ajili yake tu. Akawasogezea viti.

MAFUNZO

Kumtunza mzee si kumfungia. Mzee akipewa chakula akanyimwa watu, amenyimwa nusu ya uhai wake. Tena tusiite kujitolea kazi ya bure, maana wanaotoa saa zao leo ndio watakaosikia kikohozi chetu kesho. Kijana ana macho, mzee ana ujuzi, na mtaa unaowatenga utakosa vyote viwili. Mtu ni watu.

Na wewe unayesoma, yupo mmoja hapo jirani ambaye hujamwona tangu juzi. Usingoje saa nne. Nenda kambishie hodi.