Lambo Lililosema Karibu

Ubao ulikuwa umelowa.

Mwalimu Evodius alisimama mlangoni pa sebule yake, funguo mkononi, akautazama ubao wake wa kupigia kasia. Aliuegemeza pale ukutani Jumamosi, akaufuta kwa kitambaa hadi ukakauka, akaufunika shuka. Leo ilikuwa Alhamisi. Mvua haikuwa imegusa Nachingwea tangu mavuno ya ufuta, na bomba la nyumba za walimu lilikuwa likikohoa hewa tupu. Hata hivyo maji yalichuruzika kutoka kwenye ncha ya ubao, tone baada ya tone, na sakafuni palikuwa na kidimbwi kinachonuka tope na mayungiyungi.

Akajiambia ni panya wamepindua ndoo. Akaenda jikoni, akaikuta ndoo imefunikwa, kavu. Basi akajiambia jambo jingine, kwa maana mtu anayekaa peke yake hujifunza kujidanganya na kuuamini uongo wake papo hapo. Akapiga deki, akasonga ugali wa mtu mmoja, akalala.

Alikuwa mtu wa Muleba, mzaliwa wa kando ya ziwa, aliyejua kusimama kwenye mtumbwi kabla hajajua kusoma. Serikali ikamleta kusini kufundisha jiografia. Mkewe Prisca, mwalimu pia, alibaki Muleba na binti yao Koku, na kila mwaka waliomba uhamisho na kila mwaka wakaambiwa wasubiri. Mwaka huo, 2009, ulikuwa wa nne. Wenyeji hawakuwa wabaya. Walimsalimia vizuri, wakamcheka kidogo kwa lafudhi yake, lakini jua likizama kila mtu alirudi kwa ndugu zake na Kimwera chake au Kimakonde chake, na mwalimu akarudi kwa redio. Miezi ilipita hakuna aliyepiga hodi mlangoni kwake.

Rafiki yake mmoja tu alikuwa daktari wa Kiholanzi aliyekuja kujitolea, mtu mrefu kama mnazi aliyekuja na ubao wa ajabu: mrefu kuliko kitanda, umechongoka mbele, wa kusimama juu yake katikati ya maji huku ukipiga kasia. Watoto wa mtaani waliuita pasi ya jitu. Likizo walishuka nao pwani. Asubuhi, kabla ya upepo, walisimama juu ya Ghuba ya Lindi, wakavuka kuelekea Kitunda huku mji wote ukiwa bado unapiga miayo. Walikwenda Mikindani, ambako maji yamezungukwa na nchi kavu na mikoko, yametulia kama yamo bakulini. Walifika mpaka Msimbati. Juu ya maji yale Evodius alisahau kwamba yuko mbali na kwao. Kisha daktari akamaliza muda wake, akaondoka, akamwachia ubao na kasia.

Pwani ilikuwa mbali kwa mtu mwenye vipindi vya Jumatatu asubuhi. Akaanza kutafuta mahali pazuri pa karibu. Mto Lukuledi aliukuta umejificha chini ya mchanga. Vibwawa vya mifugo vilikuwa tope tupu. Ndipo akasikia habari za lambo la Chipwele, njia ya Ruangwa, lililochimbwa na mitambo ya wazungu wa mradi wa karanga, enzi za mkoloni, na ambalo halikauki hata mwezi wa kumi.

Alipofika na ubao wake juu ya pikapu ya kukodi, alisimama akasahau kufunga mdomo. Maji yalikuwa meusi na laini, vilima vya Ruangwa vimelala ndani yake kichwa chini, mayungiyungi meupe yamejipanga ukingoni. Kimya chake kilimkumbusha nyumbani. Mkulima wa mikorosho aliyeitwa Abdalah alikuwa akijaza madumu yake.

"Mwalimu, unataka kuingia humo?"

"Ndiyo. Kuna mamba?"

"Mamba hakuna." Abdalah alifunga dumu, akashusha sauti. "Ila hapa hatuingii kama ng'ombe. Tunapiga hodi kwanza. Hata ukichota maji, hodi."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenyewe." Akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Evodius alikuwa mtu wa adabu. Alisimama ukingoni, ubao kwapani, akasema kwa sauti, huku akijicheka, "Hodi!"

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamke.

Ilitoka upande wa matete, sauti ya chini, ya mtu asiye na haraka. Akadhani kuna mama anaoga, akaona haya, akageuza uso. "Asante, mama," akasema, akaingia. Asubuhi nzima alipiga kasia juu ya vilima vile vilivyopinduka, na hakuona mama yeyote, wala ndege mmoja aliyetua. Lakini alirudi mjini na furaha kifuani. Mtu alikuwa amemkaribisha. Jumamosi iliyofuata akarudi, na iliyofuata, na kila alipopiga hodi alijibiwa, na alianza kuingoja Jumamosi kama mchumba.

Hayo ndiyo yaliyotangulia ubao kulowa.

Siku ya pili yake, jua likizama na adhana ya magharibi ikimalizika, Evodius alikuwa akisahihisha madaftari. Mlangoni pakasikika, "Hodi."

Jamani, moyo ulimruka! Mgeni! "Karibu, karibu ndani!" akaitikia, tayari amesimama, tayari anatafuta kiti kisichochakaa. Akafungua. Hakuna mtu. Kibaraza kilikuwa kitupu, na juu ya kizingiti palikuwa na alama mbili za maji, za nyayo zilizoelekea ndani. Harufu ya tope na mayungiyungi ikampita ubavuni, taratibu, kama anavyopita mtu anayesema samahani.

Usiku ule hakuzima taa. Na keshoye, alipompigia Prisca simu, Prisca alinyamaza katikati ya sentensi.

"Nani huyo anayecheka?"

"Wapi?"

"Hapo ulipo. Mwanamke."

"Niko peke yangu, Prisca."

"Mwezi wa kumi na mbili shule zikifungwa nakuja," Prisca akasema. "Nimesikia maneno mengi, sitaki kuyaamini. Nakuja nione kwa macho yangu. Nikikuta sina nafasi humo, narudi kwa mwanangu, na usinitafute tena."

Akakata. Evodius alibaki ameshika simu, na nyuma yake, jikoni ambako hakukuwa na mtu, kitu kilikuwa kikikamua nguo, taratibu, maji yakianguka kwenye sakafu.

Alimsaka Abdalah sokoni hadi akampata, akamweleza habari za lambo. Abdalah alitua gunia lake chini.

"Ulijibiwa?"

"Kila mara."

"Mama yangu!" Akamkamata mkono, akamburura mpaka kwenye meza ya dagaa ya mwanamke mmoja mnene mwenye ushungi wa kijani. Huyo alikuwa Kulthumu, mwenyeji wa Chipwele. Asubuhi aliuza dagaa, na jioni alitoa watu mashetani, na kazi zote mbili alizifanya kwa mdomo mkali.

"Hodi ile tunapiga ili tusikie kimya," alisema baada ya kusikiliza. "Kimya ndiyo ruhusa. Ukikaribishwa, unageuza miguu unarudi kwenu. Wewe umeingia! Umekuwa mgeni wake. Na mgeni akishatembelea, kwa heshima naye hutembelewa."

"Mbona hukuniambia?" Evodius alimgeukia Abdalah.

"Mwalimu, mimi tangu nizaliwe sijaona aliyejibiwa. Sikujua kama hilo lipo kweli."

Kulthumu aliinama juu ya dagaa zake, akamkazia macho. "Amekuja kwako?"

"Alipiga hodi."

"Ukamwambia karibu?"

Wanawake wa meza za jirani walikuwa wamenyamaza, masikio yamesimama. Evodius akajiona anavyoonekana machoni mwao: msomi mzima, mwenye kiu ya mgeni hata akakimbilia mlango. Akaona aibu.

"Sikumjibu," akasema.

"Bahati yako. Basi bado yuko nje. Jini la namna hii haliingii bila kukaribishwa."

Waliurudisha ubao Chipwele mchana kweupe. Kulthumu aliuweka majini na kasia lake, akamwaga unga wa mtama juu yake, akasema maneno ya Kimwera ambayo mwalimu hakuyaelewa. Ubao ukaenda wenyewe mpaka katikati, bila upepo. Kisha akatoa masharti: mpaka mwezi mpya uandame, jua likishazama asiitikie hodi ya yeyote, asiseme neno lolote, asichungulie.

"Atakuja kwa sauti unayoitamani," alisema. "Ukijibu tu, umekwisha."

"Mke wangu anakuja."

"Mpokee stendi, mshike mkono, muingie pamoja. Usimngoje mlangoni."

Nyumba ikatulia. Hakuna maji, hakuna harufu. Evodius alipaka sebule chokaa, akanunua shuka jipya, akaazima sufuria kubwa kwa Shakila jirani yake. Juu ya jini hakumwambia Prisca neno. Prisca alikuwa mtu wa kwaya na kanisa, angedhani ametunga hadithi ya kumficha mwanamke. Alimwambia tu, "Ukifika stendi nipigie, nitakuja kukupokea."

Siku ya kufika, asubuhi, ujumbe ukaingia kwenye simu: basi limekwama kwenye tope Somanga, dereva anasema tutalala huku, chaji inaisha. Evodius hata hivyo alikwenda stendi mchana, akaambiwa basi la Dar leo lisahau. Mwezi ulikuwa haujaandama. Wingu zito lilisimama juu ya mikorosho, akarudi nyumbani kabla ya magharibi kama alivyoagizwa, akafunga mlango kwa komeo.

Mvua ya kwanza ya msimu ilishuka pamoja na giza. Bati likanguruma. Na ndani ya ngurumo ile, mlangoni, akasikia, "Hodi."

Sauti ilikuwa ya Prisca.

Prisca yuko Somanga, akajikumbusha, Prisca yuko Somanga ndani ya basi. Akaketi kitandani, mto mdomoni.

"Hodi! Baba Koku, fungua, nimelowa."

Akasikia maji yakichuruzika kibarazani, tone baada ya tone, kama yale ya kwenye ubao, na harufu ya tope ikapenya chini ya mlango, naye akazidi kuukandamiza mto, akiuma kitambaa, jasho jembamba likimtoka, kwa maana sauti ile ilikuwa na kila kitu, ilikuwa na kile kikohozi kidogo cha Prisca cha wakati wa baridi, ilikuwa na namna yake ya kuvuta jina la Koku, na ilibisha na kuita na kubembeleza, "Naiona taa chini ya mlango, Evodius, naona kivuli chako, kwa nini hunijibu, nimekukosea nini," hadi akili yake yote ikabaki imeshikilia neno moja, Somanga, Somanga, na miguu yake yenyewe ikataka kusimama akaikalia.

Kisha pakawa kimya. Halafu sauti ikasema, ya chini, imebadilika kabisa:

"Basi. Nimeona kwa macho yangu."

Hata hilo linalijua, Evodius akawaza, akalia ndani ya mto mpaka usingizi ukamchukua.

Asubuhi jua lilitoka limeoshwa. Alifungua mlango akitarajia kidimbwi na mayungiyungi. Juu ya kibaraza, pembeni mahali pasipofikiwa na mvua, palikuwa na kopo lililofungwa kwenye leso ya Prisca. Aliinama, akalifungua. Lilikuwa na senene, wale panzi watamu wa kwao Muleba, wa kukaanga, wa msimu huu, wakavu kabisa. Kwenye tope la ngazi kulikuwa na alama za viatu vya visigino, za kuja na za kurudi.

Dastani, kijana wa bodaboda, alikuwa anakatiza. Akapunguza mwendo.

"Ticha, vipi? Wife wako nimemkuta stendi alfajiri. Basi lilinasuka jana mchana, likaingia usiku. Kalala kibanda cha tiketi, kalowa, analia tu. Mmegombana?"

Alikimbia hadi stendi bila viatu. Basi lilikuwa limeondoka. Alipiga simu siku nzima, akiambiwa haipatikani, mpaka alasiri ilipoita na Prisca akapokea.

"Prisca, nisikilize, sikujua kama ni wewe, kuna kitu..."

"Nilipiga hodi," Prisca alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Evodius kuliko yote. "Nilipiga hodi, wewe ukanyamaza, na mwanamke akaniitikia humo ndani. Akasema karibu. Alisema vizuri tu, kama mwenye nyumba. Ningeingiaje, Evodius?"

Simu ikakatika, na haikuita tena.

Alirudi kwa miguu, polepole, mjini watu wakinyanyua vidole kuonyeshana mwezi mwembamba juu ya mikorosho. Kwa Shakila waliwasha moto, watoto wakicheka. Hakuna aliyemwita. Alisimama mbele ya mlango wake aliouacha wazi asubuhi, akaukuta umefungwa. Chini yake taa ilikuwa inawaka. Harufu ya mayungiyungi ilikuja, na safari hii ilikuwa na harufu ya ugali ndani yake, ugali mwingi, wa watu wawili.

Angeweza kwenda kwa Kulthumu. Alilifikiria hilo, akafikiria pia maswali, na meza za dagaa, na chumba chake mwenyewe baada ya hapo, na redio.

Akajipangusa tope miguuni.

"Hodi," akasema.

"Karibu," akajibiwa.

"Asante, mama," alisema Evodius, akaingia.