Mpangaji wa Sehemu ya Tatu

Kompyuta ilishusha pumzi. Fundi alikuwa amefuta sehemu ya tatu ya diski, na feni ikatoa mlio mmoja mrefu, kama mtu anayeketi baada ya kusimama foleni kutwa. Chumba kikanuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Fundi hakujali. Alikuwa hoi. Siku ya sita sasa alikuwa akifanyia kazi sebuleni, huku mama yake, anayeugua nimonia, amelala nyuma ya pazia. Mashine ilikuwa ya mpiga chapa wa mtaa wa pili, kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux aliyorithi kwa mjomba wake. Diski ilikuwa imegawanywa sehemu nne. Ya tatu ilikuwa tupu, haina hata jina, na mpiga chapa alitaka nafasi.

Fundi akaizima mashine, akaiwasha. Haikuwaka. Kioo cheusi, mstari mmoja mweupe: mfumo unaisubiri sehemu ya tatu.

"Utasubiri sana," alisema fundi, akitafuta flashi yake ya matengenezo.

Nyuma ya pazia mama alikohoa. Kisha akasema, kwa sauti nzito ya kiume, "Mbona umenitoa nje?"

Fundi alivuta pazia. Mama, ambaye kwa siku sita hakuweza kukaa bila kushikwa, alikuwa amekaa wima. Macho yamefumbwa.

"Mama?"

"Yupo. Nimemsogeza pembeni kidogo." Sauti ilikuwa ya mtu aliyekatizwa usingizi. "Wagonjwa wana nafasi."

"Wewe... wewe nani?"

"Mpangaji. Miaka kumi na moja nimelala mle, sijamgusa mtu. Umebomoa bila hata hodi. Nimechoka, binti. Nitalala humu humu."

Fundi alirudi nyuma hadi mezani, akampigia mpiga chapa, akinong'ona.

"Bosi, ile sehemu ya tatu ilikuwa na nini?"

"Ah, dada, hiyo! Marehemu mjomba alisema isiguswe."

"Na hukuniambia?"

"Mjomba alikuwa na mambo yake. Hata redio aliiaga akitoka. Kwani umeigusa?"

"Kilichokuwamo kimeingia kwa mama yangu."

"Dada," alisema mpiga chapa taratibu, "hiyo kompyuta siifuati leo."

Fundi alichomeka flashi, akawasha mashine kupitia hiyo, akafungua ramani ya diski, na katika mwanga ule wa mchana, pikipiki zikipita nje kama kawaida, akasikia pumzi za mama zikianza kwenda sawa na feni, feni ikipunguza mwendo na mama akipunguza, feni ikisita na mama akisita, harufu ya majivu ikimjaa kooni, na vidole vyake, vilivyowahi kufanya kazi hii huku akiongea na wateja watatu, vikakosa herufi mara nne, kwa sababu alijua sehemu iliyofutwa hurudishwa kwa kuandika pale pale ilipoanzia na pale pale ilipoishia, na yeye hakuwa amezinukuu namba hizo popote. Alikumbuka tu gigabaiti ishirini na kitu. Akaandika ishirini.

"Mzee," alisema bila kugeuka. "Kwako pako tayari. Rudi ukalale."

Kitanda kililia. Kitu baridi kilipita nyuma ya shingo yake.

"Pamebana," ilisema sauti, sasa kutoka kwenye feni.

"Ni pale pale, mzee. Nakuomba."

"Pamebana, binti."

Fundi alichomoa flashi, akawasha upya. Mistari ikapita, na ukurasa wa kuingilia ukatokea, wenye picha ya mashine ya chapa.

"Mwanangu," aliita mama, kwa sauti yake mwenyewe. "Nina kiu."

Fundi alilia akiwa amesimama. Akampa maji, mama akanywa yote kwa mkono wa kulia, akalalamika kwamba ni vuguvugu. Ndipo fundi alipopata moyo wa kuitazama tena ramani ya diski. Pembeni ya sehemu ya tatu, nje ya mpaka aliouandika, ulibaki ufa mwembamba usio wa mtu, usiofika hata gigabaiti moja.

Ko. Ko. Ko.

"Mama, acha kugonga kitanda."

"Nani anagonga?" alisema mama, kisha akautazama mkono wake wa kushoto, uliokuwa bado ukigonga, kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.