Jina la Tekla Begani mwa Komando

"Taifa lijulishwe, na maadui zake wa ndani na nje wapewe taarifa mapema wasije wakalalamika, kwamba kuanzia asubuhi hii mimi, Mwinshehe Mashaka wa Gongo la Mboto, nimeacha maisha ya kiraia. Sijui njaa, sijui baridi, sijui woga. Mimi ni komando."

"Komando, toka kwenye maji yangu ya kufulia," alisema mama yake.

Komando alitoka. Alitoka kwenye pipa la bluu uani, bukta imeloa na macho mekundu, akaenda kusimama kando ya kamba ya nguo kwa heshima zote za kijeshi. Tekla alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi. Alikuwa amepewa kazi nyeti ya kupima muda ambao shujaa angekaa chini ya maji bila kuvuta pumzi.

"Nimekaa muda gani?" aliuliza Mwinshehe.

"Mrefu."

"Mrefu kiasi gani?"

"Kiasi cha mama yako kufika na sabuni."

Ukweli ni kwamba Tekla hakupima chochote. Alikuwa anamwangalia tu. Alikuwa anampenda yule kijana kwa namna ya kutia huruma, kama mwanafunzi wa bweni anavyoipenda siku ya kufunga shule.

"Tekla mwanangu," alisema Bi Mwanakombo, mama wa komando, akichovya nguo, "mwenye akili hapa ni wewe. Mwambie mwenzio jeshini hawaingilii kwenye pipa."

"Nimemwambia, mama. Anasema hayo ni kwa watu wa kawaida."

"Na yeye ni wa nini?"

"Wa kikosi maalumu," alijibu Mwinshehe, akitetemeka kwa baridi asiyoijua.

Haki itendeke: kijana alijiandaa. Hakuwahi kuvaa sare yoyote zaidi ya ile ya shule, na hata hiyo ilimbana. JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, hakupita; skauti walimfukuza kwa kuchelewa. Elimu yake yote ya ukomando aliipata kwenye video za simu. Lakini kila alfajiri alikimbia mpaka Pugu na kurudi, begi la mchanga mgongoni. Aliwahi kwenda kukaa msituni ajifunze kuishi bila chakula cha nyumbani, akarudi na malaria. Kilichomwokoa ni uji wa Bi Mwanakombo, silaha ambayo hakuna video iliyoitaja.

Kila mtu mtaani alicheka. Tekla peke yake hakucheka, kwa sababu alikuwa ameanza kuona kwamba ataweza.

"Usiende," alimwambia siku moja, wakiwa wanakula mihogo nje ya geti la shule ya chekechea alikofundisha.

"Nitarudi, Tekla. Askari wanarudi."

"Baba naye alirudi. Mama ndiye hakuwepo."

Mwinshehe aliacha kutafuna. Habari hiyo aliijua. Baba yake Tekla, Sajenti mstaafu Deogratias, alikuwa nje ya nchi kwenye ulinzi wa amani wakati mkewe Auleria alipougua. Kila lori la jeshi lilipopita barabara ya Pugu, Auleria aliuliza kama ndilo. Sajenti aliporudi, kaburi lilikuwa limeshasakafiwa. Aliyemwonyesha lilipo ni Tekla, akiwa darasa la tatu.

"Mie siyo baba yako," alisema Mwinshehe polepole.

"Na mie sitaki kuwa mama yangu."

"Sasa unataka nifanye nini? Nikauze vocha?"

"Vocha zina ubaya gani?"

Mwinshehe aliokota begi lake la mchanga akaondoka nalo.

Jumapili iliyofuata, baba na binti walikuwa mezani wanakula ndizi.

"Yule mwenzako wa mapipa," alisema Sajenti Deogratias, "bado anarukaruka?"

"Bado, baba. Anataka ukomando moja kwa moja."

"Hakuna mlango wa ukomando unaofungukia mtaani. Anaanza JKT, analima, anakimbizwa. Akibahatika anaandikishwa jeshi, anakuwa kuruta, anakuwa askari. Hapo ndipo wakubwa wamtazame kama anafaa." Mzee akafikiri kidogo. "Ila kijana yule mwili anao, na kichwa kigumu anacho. Mwambie asubiri tangazo la JKT, na ajitunze. Asioe, asizae, asijichore. Niliwahi kuona kijana mwenye kifua kama ukuta akirudishwa kwa sababu ya kipepeo mgongoni."

"Kipepeo tu?"

"Kidogo hivi. Nipe chumvi."

Tekla alimpa chumvi. Kisha akakaa anaitazama sahani yake mpaka ndizi zikapoa.

Habari za tangazo alizifikisha kwa Mwinshehe jioni ileile, neno kwa neno. Aliacha makatazo matatu ya mwisho.

Wiki chache baadaye alimtumia ujumbe:

"Wanaume wote husema wanapenda. Mie nataka kuona."

Jibu lilikuja haraka kuliko wanafunzi wanavyoitikia mwito wa chakula bwenini: "Uone nini? Sema tu."

"Jina langu. Begani. Lisilofutika."

"Hilo tu? Nilidhani unataka kiwanja."

Walikwenda Sinza, kwenye kichumba nyuma ya saluni moja, kwa mchoraji mwenye mikono iliyojaa nyoka. Mwinshehe alikaa kifua wazi, amejikaza kama anachorwa ramani ya vita.

"Herufi kubwa au ndogo?" aliuliza mchoraji.

"Kubwa," alisema Mwinshehe. "Nataka hata adui asome."

Tekla alimshika mkono. Sindano ilipoanza kulia, machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Braza, fanya haraka," Mwinshehe alimwambia mchoraji. "Huyu hawezi kuona naumia."

Tangazo la JKT lilitoka, na jina la Mwinshehe likapita mtaani, likapita kata, likaitwa kwenye usaili. Bi Mwanakombo, aliyekuwa amepigania pipa lake kwa miezi, alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Siku yenyewe Tekla alikuwa darasani na watoto wake, simu mfukoni mwa gauni. Ujumbe ulianza kuingia.

"Nimefika. Watu kama mchele."

Kisha: "Mbio nimekuwa wa kwanza. Wa pili simwoni hata kwa darubini."

Kisha: "Mwambie mama lile pipa limenisaidia. Pumzi ninayo ya kugawa."

Kisha: "Tunaingia kwa daktari. Niombee."

Tekla aliandika, "Usivue shati." Akaufuta. Akaandika, "Nakuombea." Huo akautuma. Watoto wakamwuliza kwa nini mwalimu haimbi, akawaambia waimbe wao.

Simu iliita wakati wazazi wa mwisho wakichukua watoto.

"Uko wapi?" aliuliza Tekla.

"Nje ya geti la jeshi. Wamenirudisha."

"Kwa nini?"

Katika uongo wote aliowahi kusema Tekla, na hakuwa ameusema mwingi, hakuna uliokuwa mzito kama swali lile.

"Kwa ajili yako," alisema Mwinshehe, na akacheka kidogo. "Daktari amelisoma jina lako kwa sauti, kama anaita mahudhurio. Akaniuliza ni nani. Nikasema mke wangu. Akasema, basi rudi kwa mkeo."

"Pole."

"Usinipe pole. Mimi sikujua, na wewe hukujua."

"Utajaribu mwakani."

"Mwakani umri utakuwa umepita." Magari yakasikika. "Kuna jamaa hapa ananiambia maji ya betri yanafuta. Unabaki na kovu tu."

"Mwinshehe, usifanye hivyo."

"Siwezi. Ni jina lako."

Jumamosi alikuja nyumbani kwa kina Tekla. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama yake. Begi la mchanga hakuwa nalo, na bila lile begi alionekana mfupi. Tekla alimkaribisha sebuleni, akaenda jikoni kuleta chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, kijana. Nimesikia."

"Ndiyo, mzee. Jeshi limenikataa. Nimekuja kuomba kwako kitu ambacho bado hakijanikataa. Mambo ya dini wazee watakaa wayazungumze. Nilitaka kwanza nikuone mwenyewe."

Tekla alisimama mlangoni na birika. Kila alichokitaka kilikuwa sebuleni, kimekaa kwenye kochi, kimenyoa. Angenyamaza tu, angekipata.

"Tutafika huko," alisema Sajenti Deogratias. "Ila nieleze kwanza, maana nimekuona ukikimbia mwaka mzima. Walikukataa kwa nini? Macho? Mapafu?"

"Alama, mzee."

Akafungua vifungo, akashusha shati begani. Mzee alisoma. Akakiweka kikombe chini.

"Hii ulichora lini?"

"Baada ya Pasaka. Sikujua kama hawataki. Ningejua, ningeandika hata kwenye ukuta wa nyumba."

"Hukujua vipi, na mimi nilimwambia Tekla? Hapahapa mezani, wakati wa Kwaresima. Asioe, asizae, asijichore."

Feni ilizunguka. Tekla hakuwa na pa kuliweka birika.

"Atakuwa alisahau," Mwinshehe alidakia. "Anashinda na darasa zima la watoto wanaolia, mzee. Hata mie ningesahau."

"Nilisahau, baba," alisema Tekla.

"Wewe? Wewe unakumbuka mpaka viatu nilivyovaa siku narudi." Mzee alimgeukia Mwinshehe. "Wazo la kuchora lilikuwa la nani?"

"Langu," alisema Mwinshehe.

"Langu," alisema Tekla.

Walisema kwa pamoja. Mwinshehe alikuwa amedanganya ili kumkinga, kama mtu anavyomkinga rafiki mbele ya mwalimu wa nidhamu, na tabasamu la kumkinga bado lilikuwa usoni alipogeuka kumtazama. Lilikaa pale muda, halina kazi tena.

"Tekla," alisema. "Mwambie mzee ulisahau."

"Sikusahau."

"Ulikuwa hujaelewa, labda."

"Nilielewa. Ndiyo maana nikakuomba."

Sajenti Deogratias aliinamisha kichwa. Katika nyumba ile palikuwa na mambo ambayo hakuwa na cheo cha kuyakemea.

"Siku ile ulikuwa unalia," alisema Mwinshehe. "Nikamwambia yule jamaa afanye haraka."

"Nilikuwa nalia kwa sababu nilijua. Nilijua kabla hatujafika Sinza. Ulivyoniuliza kama herufi zimenyooka, nilijua. Nilitaka ubaki, Mwinshehe. Sikuona njia nyingine ya kukufanya ubaki."

Kijana alifunga vifungo vyake, kimoja kikamshinda, akakiacha. Akanywa chai yake mpaka mwisho, kwa sababu alilelewa kutokuacha chai nyumbani kwa mtu mzima. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akakirudisha mezani bila kukipiga.

"Asante kwa chai, mzee."

"Kaa kidogo, kijana."

"Nimeshakaa, mzee."

Alivaa viatu kibarazani. Tekla alimfuata mpaka kwenye kizingiti, akaishia hapo.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema Mwinshehe, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kamba za viatu. "Baba yako asingeuliza. Tungeoana, tungezaa, tungezeeka huku Gongo la Mboto mie nauza vocha. Ungeniambia lini?"

Tekla aliutafuta uongo, na kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima hakuuona.

"Nisingekuambia."

"Kabisa?"

"Kabisa. Ningekuosha hilo bega miaka yote, na nisingekuambia."